Asili ya Gia na Klachi ya Motokaa

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Wanafunzi walisome tena darasani pamoja na mwalimu wao.)

Mlioko darasani sogeeni karibu na redio. Leo twasoma habari za chombo ambacho kila mmoja wetu amekipanda, lakini ni wachache waliopata kuuliza kimefikaje kuwa kama kilivyo. Chombo hicho ni motokaa. Hatutasoma habari za motokaa nzima, maana siku haitatosha. Tutasoma habari za fimbo moja na pedali moja: fimbo ya gia, na pedali ya klachi iliyo chini ya mguu wa kushoto wa dereva.

Najua katika kila darasa yupo mtu anayejifunza kusoma kwa sababu ataka leseni ya udereva. Mtu huyo akianza kufundishwa gari la gia, siku ya kwanza hupata taabu. Gari laruka kama chura, kisha lazimika. Gia zalia. Mwalimu wake apiga kelele: "Kanyaga klachi! Achia polepole!" Mwanafunzi afanya kama alivyoambiwa, lakini hajui sababu. Mimi naona si haki kumfundisha mtu mzima jambo bila kumwambia sababu yake. Na sababu hiyo imo katika historia.

Kwanza tuijue tabia ya injini. Ng'ombe akifungwa jembe huvuta kwa nguvu zake zote akiwa bado amesimama. Injini ya mvuke, kama zile za gari la moshi la zamani, nayo yaweza kuvuta kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Injini ya petroli haiwezi. Ni lazima kwanza izunguke yenyewe, tena kwa mbio, ndipo ipate nguvu. Ukiilazimisha kuzunguka polepole, huzimika. Basi hapo pana shida: gari limesimama, injini yazunguka, utaviunganishaje vitu viwili hivi, kimoja kimetulia na kingine chaenda mbio, bila kuizima injini?

Mjerumani mmoja, Bwana Carl Benz wa mji wa Mannheim, aliandikisha motokaa yake mwezi wa Januari mwaka 1886. Ilikuwa na magurudumu matatu, na nguvu zake hazikufika hata za farasi mmoja. Injini ilivuta magurudumu kwa ukanda na minyororo. Mwendo ulikuwa mmoja tu, yaani haikuwa na gia za kubadili. Katika barabara tambarare ilikwenda vizuri. Lakini watu hawakuinunua, waliiogopa.

Mwezi wa Agosti mwaka 1888 mke wake, Bibi Bertha Benz, aliondoka asubuhi na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila kumwambia mumewe. Wakapanda motokaa wakaenda kumwona mama yake Bibi Bertha katika mji wa Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Hakuna mtu aliyekuwa amesafiri mbali hivyo kwa motokaa kabla yake. Hakukuwa na kituo cha petroli. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa mjini Wiesloch. Yasemekana bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake.

Sasa sikilizeni sana. Walipofika kwenye mlima, injini haikuweza. Ilibidi washuke na kuisukuma motokaa kwa mikono. Wakafika juu. Je, taabu ikaisha? Haikuisha, maana mlima una pande mbili. Katika kushuka, breki za mti zililika, na Bibi Bertha akaenda kwa fundi wa viatu akamwambia azipigilie ngozi. Aliporudi nyumbani alimweleza mumewe yote, na Benz akaongeza gia ya pili ya kupandia milima. Hivyo aliyepata haja ya gia kwanza hakuwa fundi katika karakana, bali mama aliyekuwa njiani akitoka jasho. Naomba mwuweke akilini ule upande wa pili wa mlima, wa kushuka. Tutaurudia.

Gia ni kitu gani basi? Ni magurudumu ya chuma yenye meno. Chukua gurudumu dogo lenye meno 10, liendeshe gurudumu kubwa lenye meno 40. Dogo litazunguka mara nne, kubwa litazunguka mara moja. Umepoteza mwendo, lakini umepata nguvu, karibu mara nne. Ni kama mtaimbo: mkono wako waenda mbali, jiwe lasogea kidogo, lakini jiwe zito limesogea. Gia namba moja ndiyo mtaimbo mrefu. Gia za juu ni za mwendo, hazina nguvu nyingi.

Aliyeyapanga mambo haya kwa namna tunayoijua leo ni Mfaransa, Bwana Émile Levassor. Yeye na mwenzake Bwana Panhard walikuwa na karakana mjini Paris. Haki ya kutengeneza injini za Daimler katika Ufaransa waliipata kwa Bibi Louise Sarazin, mjane aliyekuwa amerithi kazi hiyo kwa marehemu mumewe. Na mwaka 1890 Levassor akamwoa. Miaka ile Levassor aliiweka injini mbele ya gari, nyuma yake akaweka klachi, nyuma ya klachi akaweka gia, kisha nguvu zikapelekwa magurudumu ya nyuma. Magari mengi ya mizigo yamepangwa hivyo hata leo. Dereva alisogeza fimbo, na magurudumu ya meno yakateleza juu ya shafti mpaka meno yakaingiana. Mwanzoni hayakuwa hata na kifuniko, vumbi la njia liliingia humo. Yasemekana Levassor mwenyewe alikiri kwamba njia hiyo ni ya kikatili lakini yafanya kazi.

Na klachi? Tufanye jambo moja, wote pamoja. Bandika viganja vyako viwili, kimoja juu ya kingine. Kaza. Sasa zungusha kiganja cha chini. Cha juu chafuata, sivyo? Legeza kidogo. Cha chini chazunguka, cha juu chasita, chafuata nusunusu. Achanisha kabisa. Cha chini chazunguka peke yake. Hiyo ndiyo klachi. Kiganja kimoja ni cha injini, kingine ni cha gia na magurudumu. Springi yavikaza pamoja wakati wote. Ukikanyaga pedali wavitenga, ukiachia wavikutanisha. Na pale viganja vinapogusana na kuanza kushika, bado havijakazana, ndipo gari linapoanza kuondoka. Ukiachia ghafla, injini inayokwenda mbio yashikwa na gari lililosimama, nayo yazimika. Chura yule wa siku ya kwanza ndiye huyo. Ukikaa mno katika ile hali ya nusunusu, viganja vyasuguana na kupata moto; madereva husema klachi inaungua, na harufu yake waijua wote waliopanda basi bovu mlimani. Klachi nyingi za zamani zilikuwa kama kikombe kinachoingia ndani ya kikombe, nazo zilivishwa ngozi, kama zile breki za Bibi Bertha.

Basi tumepata klachi na tumepata gia. Lakini kwa miaka karibu arobaini madereva waliendelea kuteseka, na sababu ni ile ile ya mwendo kutolingana. Safari hii si injini na gari, bali meno na meno. Fikiri mtu anayetaka kudandia basi linaloondoka. Hawezi kusimama wima kando ya njia kisha aruke mlangoni, ataanguka. Hukimbia kwanza sambamba na basi, mwendo wake ukilingana nalo, ndipo ashike chuma. Meno ya gia ni vivyo hivyo. Yakienda mwendo mbalimbali, hayaingiani. Yagongana na kupiga kelele, na kelele hiyo ni chuma kinachosagika.

Kwa hiyo dereva wa zamani alifundishwa kukanyaga klachi mara mbili. Akitaka kurudi gia ya chini, kwa mfano kutoka ya tatu kwenda ya pili, alikanyaga klachi, akatoa gia na kuiweka fri, akaachia klachi. Halafu akakanyaga mafuta kidogo ili injini iyazungushe meno yapate mbio. Kisha akakanyaga klachi tena, akaingiza gia ya pili. Yote hayo kwa muda wa kupepesa macho mara mbili tatu, gari likienda, usukani mkononi. Hapakuwa na taa wala kengele ya kumwambia kwamba sasa mwendo umelingana. Alisikiliza kwa sikio tu. Dereva mzuri alijulikana kwa ukimya wa gia zake, na abiria wake hawakujua kwamba amefanya jambo lo lote.

Tena pedali zenyewe hazikupangwa namna moja. Motokaa ya Ford iitwayo Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, na ambayo zaidi ya milioni 15 zilitengenezwa hata mwaka 1927, ilikuwa na pedali tatu kama za leo, lakini kazi zake zilikuwa nyingine kabisa. Ya kulia ilikuwa breki. Ya katikati ilikuwa ya kurudi nyuma. Ya kushoto, ukiikanyaga mpaka chini, gari lilikwenda mbele kwa gia ndogo. Ukiiachia kabisa, na hendibreki imesukumwa mbele, lilikwenda kwa gia kubwa. Katikati ya hapo lilikuwa huru. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Hebu fikiri mtu aliyezoea gari la klachi anapanda Ford hiyo, anaona ukuta mbele yake, anakanyaga mguu wa kushoto kwa nguvu ili ailegeze injini. Badala ya kulegea, gari lasukuma mbele! Ford hizo zilikuwa na kituko kingine pia. Petroli ilishuka kutoka tangi chini ya kiti kwa uzito wake tu, bila pampu. Mlima ukiwa mkali na mafuta machache, hayakuifikia injini iliyo mbele. Basi madereva waligeuza gari wakapanda mlima kinyumenyume.

Jambo moja nalipita upesi. Kabla ya mwaka 1912, Cadillac ilipoleta stata ya umeme, injini iliwashwa kwa kuzungushwa hendeli mbele ya gari. Ole wake aliyesahau gari likiwa ndani ya gia: injini ikiwaka, gari lilimjia mwenyewe. Mpaka leo mwalimu hukuagiza uitikise fimbo ya gia kabla ya kuwasha. Agizo hilo lina umri mkubwa.

Sasa twafika kwa mtu aliyewapunguzia madereva mzigo. Jina lake Earl Thompson, Mmarekani. Aliwaza hivi: ikiwa shida ni mwendo kutolingana, kwa nini tusiweke kitu ndani ya gia chenye kuulinganisha kabla meno hayajakutana? Akaweka vipande vyenye umbo la pia, kimoja chaingia ndani ya kingine, vinagusana na kusuguana kwanza. Msuguano huo wamvuta aliyechelewa na kumzuia aliyetangulia, mpaka wawe sawa. Ndipo meno yakaingia bila kelele. Kwa kweli ni klachi ndogo iliyofichwa ndani ya gia. Cadillac wakaanza kuuza magari yenye kifaa hicho mwaka 1928. Kisha, kana kwamba hakutosheka, Thompson aliwaongoza mafundi waliotengeneza gia zinazojibadili zenyewe, zilizoanza kuuzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Huko hapana pedali ya klachi kabisa.

Lakini kifaa kikibuniwa Marekani mwaka 1928 si kwamba kimefika kwetu mwaka 1929. Katika vita kuu ya pili, 1939 mpaka 1945, vijana wengi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliingia katika jeshi la Uingereza, na wengi wao wakatiwa katika kikosi cha uchukuzi. Walikuwa hawajapata kushika usukani. Wakafunzwa malori, wakaendesha Ethiopia mwaka 1941, na wengine wakafika mpaka Burma, katika matope na milima. Walioponea wakarudi na kazi mikononi. Baadhi yao wakawa madereva wa malori na mabasi, na wengine wakachanga fedha wakanunua gari lao. Nao ndio waliowafundisha utingo wao, na utingo wakawafundisha wengine.

Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na ikaenea sana katika Afrika Mashariki, ilikuwa na kifaa cha kulinganisha mwendo katika gia ya tatu na ya nne tu. Gia ya kwanza na ya pili, ambazo ndizo za kupandia na kushukia milima, hazikuwa nacho. Mpaka mwaka 1971, lilipotoka toleo la tatu la gari hilo, dereva wake hakuwa na budi kujua kukanyaga klachi mara mbili. Kwa hiyo msimcheke mzee anayeendesha gari jipya kwa namna hiyo. Mguu wake wakumbuka.

Hata maneno yetu yaonyesha historia hiyo. Gia, klachi, breki na stata tumeyapokea kwa Waingereza pamoja na chombo chenyewe. Gari ni neno la Kihindi. Lakini usukani ulikuwako pwani kabla ya motokaa kuzaliwa, katika majahazi. Na kile kibao cha herufi L kinachofungwa juu ya gari la mwanafunzi kilianza Uingereza mwaka 1935, mwaka ule ule ambao mtihani wa udereva ulifanywa kuwa lazima huko kwa madereva wapya.

Siku hizi magari mengi madogo yanayoingia kwetu kutoka Japani hujibadili gia yenyewe, na vijana huuliza: ya nini kuhangaika na klachi? Jibu ni kazi. Malori na mabasi mengi bado ni ya gia za mkono. Katika Kenya leseni zenyewe zimetengwa: ya magari madogo yanayojibadili gia ni daraja la B1, na ya magari madogo ya kawaida ni B2. Mtu aliyejifunza bila klachi amefungiwa mlango mmoja.

Na sasa turudi kwenye ule upande wa pili wa mlima. Wako madereva wa malori ambao, wakianza kushuka, hutoa gia na kuweka fri, ati gari litelemke bure na kubana mafuta. Tutazame jambo hili kwa yale tuliyojifunza. Gari likiwa ndani ya gia ndogo, magurudumu hulazimika kuizungusha injini, nayo injini hukataa. Kukataa huko ndiko kunakolishika lori. Ukiweka fri umetenga injini na magurudumu. Tani 30 sasa zashikwa na breki peke yake. Breki zapata moto, na breki iliyopata moto mwingi haishiki tena. Dereva aona mbio zinazidi, akumbuka gia, ashika fimbo airudishe ya pili. Haiingii. Meno ya upande wa magurudumu yakimbia kupita kiasi, meno ya upande wa injini hayawezi kuyafikia. Basi limeshaondoka, naye amesimama kando ya njia.

Mtelemko wa Kitonga katika mkoa wa Iringa una kona kali na pengine korongo upande mmoja. Madereva wa njia ile hawahitaji kuambiwa. Katika Kenya, kipande cha Salgaa na Sachangwan, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kiliua watu wengi sana, na malori yaliyoshuka yakiwa fri yalikuwa sababu mojawapo kubwa. Baada ya ajali za Desemba mwaka 2017 njia za kwenda na kurudi zilitengwa. Ama huko kubana mafuta, injini za kisasa zenye kuongozwa kwa umeme hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa ndani ya gia. Likiwa fri ndipo zinapotumia mafuta, kusudi zisizimike. Kwa hiyo dereva huyo ahatarisha roho yake na za watu kwa ajili ya akiba ambayo haipo. Kanuni ya madereva wa zamani ilikuwa kushuka mlima kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, na kuiingiza ukiwa bado juu, kabla mtelemko haujaanza.

Haya, sasa kazi ya darasa. Mwalimu aandike ubaoni tarakimu 1, 2, 3, 4, 5 na herufi kubwa R, kama zinavyoandikwa juu ya kichwa cha fimbo ya gia. R ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kurudi nyuma. Madereva wetu huita riversi. Kila mwanafunzi aziandike mara tatu katika daftari. Kisha asiye dereva amweleze jirani yake, kwa viganja viwili, klachi hufanya nini. Na aliye dereva asikilize bila kumkatiza. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma alama za barabarani, tukianza na ile ya mtelemko mkali. Kwaherini.